Hodi Chini ya Lami

Ko. Ko-ko-ko.

Efraín Quezada aliisikia sauti kabla ya kuona chochote. Alikuwa amepiga magoti katikati ya Mtaa wa Harlan, kinyago cha kuchomelea kimemziba uso, kijiti tayari mkononi. Sauti ikaja tena kutoka chini ya mfuniko wa chuma aliotaka kuuziba: moja, kisha tatu za haraka.

"Panya," akasema msimamizi wake, Odell Pruitt, aliyesimama nyuma yake na kikombe cha kahawa. "Panya wa Calder wanakula mabaki ya kasino, bwana. Wamenona kuliko mimi. Choma, twende."

Efraín hakuchoma. Alikinyanyua kinyago. Panya hagongi kwa mpangilio. Na hodi ile aliijua tangu utotoni: ndivyo dada yake Chelo alivyougonga ukuta mwembamba uliotenga vyumba vyao kila baba yao aliporudi amelewa. Maana yake ilikuwa moja tu. Nipo hapa, lala.

"Odell, nisaidie mtaimbo."

Wakaubandua mfuniko wa chemba wakausogeza kando. Ikatoka harufu ya tope, kisha mkono ulioshika kipandio cha chuma, kisha uso wa mwanamke uliokunjamana kwa jua.

"Eh! Kimbaumbau!" akasema Chelo. "Kumbe ni wewe unayetuzika?"

Efraín alitaka kucheka, akashindwa. Tangu majira ya kuchipua alikuwa hajamwona dada yake. Chelo alikuwa akipanga kwa wiki katika moteli ya Palo Verde, anasafisha vyumba vya kasino, mpaka jiji lilipotiliana saini na wenye mbio za magari. Moteli ikavunjwa, pakajengwa jukwaa la watazamaji. Kila nguzo ya taa ikabandikwa bango lenye gari jekundu, magurudumu yake yote manne nje kama miguu ya kaa, na chini yake maneno: DUNIA INAKUJA CALDER. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo walivyohubiriwa. Nyumba zikapanda kodi, na wasio na pa kwenda wakashuka chini, kwenye mahandaki ya maji ya mvua yanayopita chini ya jiji lote. Kumbe dada yake alikuwa mmoja wao, na yeye Efraín alikuwa akipita juu ya kichwa chake kila siku.

"Mbona hukuja kwangu?"

"Kwako wapi? Chumba kimoja, mke, watoto wawili na mama mkwe anayehesabu vijiko?"

"Ungekuja tu, dada. Toka sasa hivi. Panda."

Chelo akatikisa kichwa. Akaeleza akiwa ameng'ang'ania kipandio, kama mtu anayezungumza dirishani. Chini humo alikuwa na Mzee Wendell, aliyegawa karata kasino miaka mingi mpaka mguu ukaoza kwa sukari. Wendell hakuweza kupanda ngazi peke yake, na yeye hakuwa tayari kumwacha. Mdomo wa handaki upande wa mashariki umewekwa geti la chuma, wageni wasione vibanda. Polisi wanapita na marungu, wanagonga kuta, wanafukuza watu. Imebaki njia ya mbali sana, kule uwanja wa gofu, na chemba hii. "Huu ndio mlango wetu," akasema. "Maji yakija, ndipo tunapopandia."

"Maji gani? Tuko jangwani!" akadakia Odell.

"Mvua ya jangwa haipigi hodi, kaka. Inanyesha milimani huko, wewe hapa unaota jua. Ukisikia sauti yake, imeshafika."

Odell akamwaga kahawa iliyobaki. Hakuwa mtu mbaya. Alikulia mitaa ya magharibi, na aliwahi kulala ndani ya gari msimu mzima. Lakini akachuchumaa akampa Efraín habari yote, ili asiseme kesho hakuambiwa.

"Nisikilize. Gari hizi si gari. Zikipita, tumbo lao linanyonya barabara kama mtoto anyonyavyo ziwa. Mfuniko uliolegea unang'oka kama kizibo cha chupa, unamkuta dereva wa nyuma usoni. Kwa hiyo mifuniko yote inazibwa. Yote, Efraín. Usinitazame hivyo."

"Huu niachie wa mwisho."

"Wa mwisho ni Alhamisi."

Efraín akamgeukia dada yake. "Jumapili ya mbio msiwepo humo. Jumamosi nakuja na gari kule gofu, nawachukua wote wawili. Mama mkwe ahesabu vijiko mpaka achoke."

"Nitamfikishaje huko? Mgongoni?"

"Tafuta toroli. Dada, nakuomba."

Chelo akacheka, na pengo la jino la mbele likaonekana. "Haya, Kimbaumbau. Nikipata toroli, tutakuja kama maharusi."

Alhamisi Efraín alifanya ujanja. Aliuchomelea mfuniko wa Mtaa wa Harlan mahali panne tu, kisha akapakapaka chuma kilichoyeyuka juu juu ili ionekane mshono umezunguka wote. Kabla ya hapo alimshushia Chelo jeki ya lori kwa kamba. "Pakiharibika kabla ya Jumamosi," alimwambia, "iweke juu ya kipandio, uizungushe. Sehemu nne hizi zitaachia."

Jioni ile ile akaja mkaguzi wa wenye mbio, Mzungu wa ng'ambo mwenye nyundo ndogo, akigonga mfuniko mmoja mmoja na kusikiliza. Mfuniko ulioshikwa sawasawa husema du. Aliposhuka Mtaa wa Harlan akagonga, chuma kikaimba kidogo, ngii. Mkaguzi akainua nyusi.

"Chini yake pana uwazi mkubwa," Odell akawahi kusema. "Ndiyo maana."

Mkaguzi akaandika kitu, akaendelea. Odell akangoja mpaka mgongo wa yule mtu upotee.

"Umenifanya mwongo mbele ya watu."

"Ni dada yangu, Odell. Ndiye aliyenilea."

"Na hao watakaopita hapo juu wamelelewa na nani? Na mbwa?"

Jibu lilimjia Efraín kesho yake, tena kwa miguu. Madereva walikuwa wakitembea barabarani kuijua njia, na mmoja, kijana mwembamba wa Kifini mwenye chunusi kidevuni, akasimama juu ya mfuniko ule ule. Akaukanyaga kwa kisigino. Akamwona Efraín na mavazi yake ya kazi.

"Wewe ndiye fundi?"

"Ndiye."

"Nyumbani mama yangu haangalii mbio," kijana akasema, akitabasamu kama mtu anayeomba radhi. "Anakaa jikoni, anasikiliza tu baba akipiga kelele. Huu umezibwa vizuri?"

Kuna uongo unaotoka kinywani mwepesi, ukishatoka unarudi kukaa kifuani kama jiwe la kusagia. "Umezibwa," Efraín akasema.

Usiku hakulala. Aliona mfuniko ukiruka, akaona jikoni pa mbali asipopajua na mwanamke amesimama kando ya jiko. Jumamosi asubuhi, kabla magari hayajatoka kufanya mazoezi, akarudi Mtaa wa Harlan na mashine yake. Akalaza sikio kwenye chuma. Akagonga kwa nyundo: ko, ko-ko-ko. Akangoja. Akagonga tena, kwa nguvu zaidi, na akaita kwa jina.

Kimya.

Wameshaondoka, akajiambia. Amepata toroli. Wako njiani kwenda gofu. Moyo unaotaka kuamini haukosi ushahidi. Akashusha kinyago, akauchomelea mfuniko duara zima, mshono mnene kama kidole, kazi safi kuliko zote alizowahi kufanya. Akaugonga. Du.

Mchana akaenda uwanja wa gofu na gari la shemeji yake, akangoja kwenye mdomo wa handaki hadi giza likaingia. Hawakuja. Akaingia ndani na tochi mpaka polisi wakamtoa kwa kola. "Rudi nyumbani, rafiki," wakamwambia. "Humo tumeshasafisha. Hakuna mtu."

Jumapili jua lilikuwa kali kama kaango. Majukwaa yalijaa kofia nyekundu. Magari yalipita Mtaa wa Harlan yakilia kama nyuki waliochokozwa, na kila lilipopita moja, meno ya Efraín, aliyesimama nyuma ya ukuta na kikosi cha mafundi, yalitetemeka kinywani. Watu walishangilia. Yeye macho yake yalikuwa milimani, kaskazini, ambako wingu jeusi lilikuwa limekaa kama kuku anayeatamia, na chini yake pazia la kijivu limening'inia.

"Odell. Kule kunanyesha."

Odell akatazama. Uso wake ukabadilika. Akashika simu ya upepo, akaomba mbio zisimame. Akasikiliza, akauliza tena, akasikiliza.

"Wanasema barabara ni kavu."

"Waambie chini kuna watu!"

"Nimewaambia. Wanasema polisi wamethibitisha hakuna. Wanauliza mimi ni nani."

Efraín hakungoja mwisho wake. Alichukua grenda ya betri ya kukatia chuma, nyundo na mkasi wa chuma, akapanda ukuta, akapasua wavu uliokuwa juu yake, akarukia barabarani. Gari la bluu likamkwepa kwa upana wa kiganja, upepo wake ukamwangusha. Akainuka. Akaendelea kwenda mpaka kwenye mfuniko. Kelele za jukwaa zikageuka yowe, bendera nyekundu zikapepea kila kona, na magari yakapunguza, moja baada ya jingine, mpaka jiji lote likanyamaza.

Ndipo alipoisikia. Ilikuwa imekuwepo muda wote, chini ya mngurumo. Ko. Ko-ko-ko. Kisha haikuwa tena hodi ya mpangilio, ilikuwa ni kupigapiga tu, bila hesabu, na nyuma yake sauti nyingine nzito, kama lori lisilofika.

Grenda ikauma chuma. Cheche zikamrukia usoni, hakuwa na kinyago. Aliukata mshono wake mwenyewe, ule mnene, ule safi, na kila alipofika nusu ya kidole aliilaani mikono yake kwa ufundi wake. Walinzi wakaja mbio. Odell akatanua mikono mbele yao, mwili wake mkubwa umeziba njia.

"Mguseni mnione!" akanguruma. "Mguseni, mama zenu wajue mlifia wapi!"

Kugonga kukapungua. Kukakoma. Efraín akaendelea kukata.

Mfuniko ulipoachia, jeki ya lori ilianguka kutoka chini yake, ikatumbukia majini bila hata kusikika. Ilikuwa imekazwa juu ya kipandio, imepinda kama fimbo ya mkongojo. Chini kidogo ya mdomo wa chemba alikuwapo mzee, maji ya tope yanamfika kifuani, amefungwa kwenye vipandio kwa mkanda wa mwanamke na kwa mikono ya sweta. Mkononi ameshika jiwe. Vidole vyake vilikuwa vimechubuka mpaka kwenye nyama.

Wakamtoa, Efraín na Odell. Wakamlaza kwenye lami ya moto.

"Chelo yuko wapi?" Efraín akauliza. "Mzee Wendell! Dada yangu yuko wapi?"

Mzee akatapika maji. Maneno yakatoka vipande vipande. Ijumaa usiku Chelo alikwenda kutafuta toroli, akarudi nalo Jumamosi jioni. Gurudumu likakwama kwenye tope, wakalala njiani. Leo waliposikia maji wakarudi kwenye mlango wao. Chelo akakaza jeki mpaka ikapinda. Chuma hakikusogea. Basi akamfunga yeye Wendell juu, akabaki chini akimsukuma kwa bega, hadi bega likawa halipo.

"Nilimwambia apande yeye," mzee akalia. "Akasema, tulia, mdogo wangu anakuja."

Efraín akamwinamia. "Jumamosi asubuhi niligonga. Mbona hamkujibu?"

Wendell akafumba macho. "Nilikuwa peke yangu. Nilisikia nyundo, jina sikulisikia. Nilidhani polisi. Nikauma mkono wa shati nisikohoe."

Yule kijana wa Kifini alikuwa ameshuka kwenye gari lake, amesimama kando ya ukuta na kofia yake ngumu mkononi, hatazami mtu. Gari la wagonjwa likamchukua Wendell. Chini, maji yalianza kupungua kwa kasi ile ile yaliyokuja nayo, yakiacha mifuko ya plastiki imening'inia kwenye vipandio.

Kisha akaja mtu wa wenye mbio, shati jeupe, kadi shingoni, na nyuma yake mkaguzi na nyundo yake. Akazungumza na Odell kwa sauti ya chini. Pole nyingi. Msiba mkubwa. Wapiga mbizi wataingilia upande wa mashariki kumtafuta yule mwanamke. Ila mbio zimeahirishwa hadi kesho asubuhi, dunia nzima inangoja, na shimo hili haliwezi kubaki wazi. Fundi mwingine anaweza kuziba, kama huyu hana nguvu.

Odell akamtazama kutoka viatuni hadi kichwani. "Mwambie mwenyewe," akasema. "Mimi mdomo wangu umechoka kusema uongo wenu."

Yule mtu akatazama viatu vyake. Lakini Efraín alikuwa ameshasikia. Akaiokota nyundo yake. Walinzi wakarudi nyuma hatua moja, naye hata hakuwatazama. Alikaa kwenye ukingo wa chemba, akaning'iniza miguu ndani mahali Chelo alipokuwa ameng'ang'ania akizungumza kama mtu wa dirishani, akaupiga ukingo wa chuma. Ko. Ko-ko-ko. Akainama juu ya giza, na jukwaa lote likamsikia, kwa maana hapakuwa na injini hata moja iliyowaka.

"Dada! Chelo! Ni mimi, Kimbaumbau wako. Niliufunga mimi, kwa mkono huu, na sitaufunga tena. Hapa nilipokaa hapazibwi, si leo wala kesho, mpaka utoke, mzima au maiti. Wakitaka kupita na wapite juu yangu. Nipo hapa, dada. Lala."