Ng'ombe wa Kina Suzana

Mwalimu Jeniffer alikuwa anafundisha somo la biashara kidato cha tatu, shule ya Majimoto. Wiki ile walikuwa kwenye maadili ya mfanyabiashara, naye akawaambia wanafunzi kwamba muuzaji mwenye maadili humweleza mnunuzi kasoro ya bidhaa kabla hajaulizwa. Darasa likaitikia, yeye akafuta ubao akaenda zake.

Jumatatu iliyofuata Suzana akanyoosha mkono. Alisema Jumamosi alikwenda mnadani na baba yake, mzee Mwandu, kuuza ng'ombe mwekundu aliyevunjika pembe, kwa sababu nyumba yao ilihitaji mabati. Mfanyabiashara mmoja aitwaye Hezron alikuwa ameshakubali bei. Hapo Suzana akakumbuka somo. Akasema mbele ya watu kwamba ng'ombe huyo anampiga mateke kila anayemkamua, isipokuwa mama yake Suzana tu. Hezron akashusha bei, na mzee Mwandu akapokea hivyo hivyo kwa aibu.

Darasa zima lilimgeukia Jeniffer. Alimsifu Suzana, lakini sauti yake mwenyewe haikumridhisha.

Jioni alipofika nyumbani alimkuta mama mwenye nyumba wake, mjane aitwaye Fausta, ameketi uani anachua goti kwa maji ya moto. Nyuma yake alikuwa amefungwa ng'ombe mwekundu, pembe moja imevunjika. Fausta alisema alimnunua Jumamosi ile ile, mchana, kwa bei nzuri tu, na muuzaji alimhakikishia kuwa ni mpole kama mtoto. Jeniffer akatua mkoba wake. Kisha akamweleza yote aliyoyasema Suzana.

Fausta alikwenda kwa Hezron, akarudi amenuna. Hezron alimjibu kwamba yeye hakamui ng'ombe, anauza tu. Na yale maneno ya mnadani yalikuwa ya mtoto.

"Sasa mwalimu," Fausta akauliza, "Jumamosi nampeleka mnadani. Nikiulizwa tabia yake, niseme nini?"

Jeniffer alijua mjane huyu alikuwa ameuza mpunga wake karibu wote ili anunue ng'ombe huyo, apate maziwa ya kuuza.

"Sema ukweli, mama," akasema, na papo hapo akatamani angesema neno lingine.

Fausta alisema ukweli. Wanunuzi wakamzunguka ng'ombe, wakasikiliza, wakaondoka mmoja mmoja. Jua lilipoanza kushuka akatokea mzee Mwandu. Alisema mkewe amekuwa mnyonge tangu ng'ombe aondoke. Akataja bei ya chini kuliko ile aliyouzia, tena kwa upole, bila kumcheka mtu. Fausta alikubali, maana hakuwa na mwingine wa kumuuzia.

Usiku huo Jeniffer alilala akihesabu watu kichwani. Hezron aliyedanganya alipata faida. Fausta aliyesema ukweli alipata hasara. Mzee Mwandu alikuwa na ng'ombe wake na fedha kidogo juu, na hakumdanganya mtu yeyote. Kila alipojaribu kumpata mwenye kosa alimpata Hezron, lakini Hezron hakuwa mwanafunzi wake. Aliyemsikiliza yeye alikuwa Fausta.

Asubuhi alimwomba radhi. Fausta alikuwa anachochea moto.

"Hukunidanganya," akasema bila kugeuka. "Lakini mwezi huu usinipe ushauri mwingine."

Jumatatu darasani Jeniffer aliamua kuingia mada mpya, matangazo ya biashara. Aliandika kichwa cha habari, akaanza kueleza jinsi tangazo linavyomvuta mnunuzi, na katikati ya sentensi akapotea. Wanafunzi walisubiri, kalamu mikononi. Akawaambia wasome wenyewe mpaka kengele.

Wenzake walipotoka, Suzana alibaki mlangoni.

"Madam, baba anakushukuru. Anasema somo lako limetuletea bahati." Akachezea kamba ya begi lake. "Ila jana nilipishana njiani na yule mama aliyetuuzia ng'ombe, nikashindwa hata kumsalimia. Mimi nilikosea wapi?"

"Hukukosea."

"Sasa mbona najisikia hivi?"

"Sijui, Suzana," Jeniffer akasema. "Mimi mwenyewe najisikia hivyo hivyo." Akachukua chaki zake, wakatoka pamoja.