Ngoma ya Foleni

Fomu ya kushiriki tamasha ilikuwa na kipengele cha nne kinachouliza kabila la ngoma. Vikundi thelathini vilijaza Waha na kuendelea na kipengele cha tano. Kikundi cha thelathini na moja, kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kilijaza: "Bado tunatafuta."

Firdausi alilisoma jibu hilo mara mbili. Alikuwa afisa utamaduni, mzaliwa wa Tanga, na huu ulikuwa mwaka wake wa sita Kasulu. Hakuwa mtu wa kukataa fomu kwa ajili ya maneno mawili. Tatizo ni kwamba fomu zote zilitakiwa kuingizwa kwenye kompyuta, na kompyuta haikukubali mtu anayetafuta. Ilitaka aliyekwisha kupata. Kwa hiyo siku ya Jumanne aliomba lifti kwenye gari la shirika moja lililokuwa linakwenda kambini, akaiweka fomu kwenye bahasha, akaenda kuuliza.

Kiongozi wa kikundi aliitwa Marguerite, mama wa miaka sitini na ushei, mwenye kibanda cha sabuni za vipande na chumvi. Kabla ya vita alikuwa Uvira, Kongo, akifundisha falsafa shule ya sekondari kwa miaka kumi na tisa. Vijana wake wa ngoma walimwita Prof, na wateja wa sabuni nao wakafuata.

"Mama, hapa mmeandika bado mnatafuta," Firdausi alisema. "Mnatafuta kabila?"

"Ndiyo, Madamu. Tuko watu kumi na wawili. Kuko Wabembe, kuko Wafuliru, kuko Warundi. Na Aksanti alizaliwa hapa hapa. Baba Mbembe, mama Mrundi, na matusi anatukana ya Dar es Salaam."

Aksanti, msichana wa miaka ishirini na mmoja aliyekuwa anapanga sabuni, hakukanusha.

"Basi tuandike aina ya ngoma. Ni ya asili, kwaya, au kizazi kipya?"

"Ni ya kisasa."

"Kizazi kipya, basi."

"Hapana. Wale wanaimba mapenzi. Sisi tunasimama kwenye foleni."

Firdausi akasubiri maelezo. Marguerite akampa kigoda, akamhudumia kwanza mteja wa chumvi, kisha akaeleza bila haraka, kama anayejua kwamba kipindi ni cha dakika themanini.

"Miaka kumi na tisa nilifundisha somo lile lile kila mwezi wa tisa: mtu anajuaje kwamba yupo? Wanafunzi walijaza kurasa. Nilipofika hapa, siku ya kwanza, walichukua dole gumba yangu wakaiweka kwenye mashine. Mashine ikakubali. Nikaona, haya, somo limekwisha."

"Pole, Mama."

"Hapana, si ya pole. Nilianza kujiuliza: na ile ambayo mashine haikusoma, iko wapi? Nikaangalia watu kwenye foleni ya chakula. Wote wanangoja namna moja, lakini kila mtu anangoja na mwili wa mtu mwingine. Huyu anaweka mkono kiunoni kama mama yake. Yule anakohoa kama mjomba. Watu wakikimbia hawabebi ngoma, Madamu. Ngoma ni nzito. Wanabeba vile mkono wa mtu ulikuwa unakwenda."

Marguerite alikuwa na mwanafunzi wake wa zamani, Serge, ambaye sasa alicheza katika kikundi kimoja huko Kanada. Alipofika mara ya kwanza walimwambia acheze Kiafrika. Serge akauliza Kiafrika cha wapi. Wakamjibu cha jumla. Serge akawaambia kwao cha jumla hakipo, wanauza rejareja tu, na akakaa mwezi mzima bila kazi. Baadaye alikutana na dada mmoja mwenye asili ya Haiti, ambaye anapofagia anatupa mkono wa kushoto mgongoni, sawasawa na bibi yake Serge wa Uvira. Hakuna aliyemfundisha dada huyo, isipokuwa bibi yake mwenyewe, aliyefundishwa na bibi yake, hadi kwa yule aliyevushwa bahari akiwa na minyororo.

"Serge anaandika kitabu juu ya ule mkono," alisema Marguerite. "Mimi sina karatasi. Nina vijana."

Vijana wakaitwa, wakaonyesha. Walipanga mstari. Aksanti alikaa mbele kama aliye nyuma ya meza, ingawa meza haikuwepo. Kila aliyefika aliulizwa, "Unaleta nini?" Hakujibu kwa mdomo. Alionyesha tendo moja la mtu wake asiyekuwepo tena: baba akifunga kamba ya kiatu, shangazi akionja mchuzi kwenye kiganja. Aksanti alilirudia, mstari mzima ukalirudia, na aliyelileta akaenda kusimama mwisho. Kisha wa pili akaongeza lake, wote wakarudia yote mawili. Walipofika la mwisho, miili yao ilikuwa inakwenda pamoja kama maji ya mtoni, na Firdausi alikuwa ameacha kuandika.

"Wewe, Madamu, ungeleta nini?" Marguerite akamuuliza.

"Mimi niko kazini," alisema Firdausi.

Aliporudi ofisini alijaza "Mchanganyiko." Kompyuta ikakubali.

Tamasha lilifanyika Kibondo, kwenye uwanja wa mpira, Jumamosi ya jua kali. Kikundi cha Nyarugusu kilifika na vibali vyao vya kutoka kambini mfukoni. Firdausi alikuwa katibu wa majaji. Mwenyekiti wao alikuwa Mzee Majaliwa wa Kumsenga, mwalimu mstaafu, mtu wa haki, mwenye saa mbili, moja mkononi na nyingine mezani ya kuhakiki ile ya kwanza. Kila kikundi kilikuwa na dakika kumi na mbili. Wa Heru Juu walitumia kumi na moja na nusu, wakatimua vumbi mpaka mgeni rasmi akafuta miwani.

Kisha Nyarugusu wakaingia bila ngoma, bila njuga, wakapanga foleni.

Dakika tatu za kwanza watu walitazama kimya. Dakika ya nne, mama mmoja muuza ndizi anayeitwa Ernesta aliweka beseni lake chini, akavuka kamba, akasimama nyuma ya mchezaji wa mwisho. Baadaye alieleza kwamba katika maisha yake hajawahi kuona foleni ya vitu vya bure akaiacha impite. Akafuatwa na mzee wa baiskeli. Akafuatwa na wapiga njuga wa Heru Juu, bado wanahema. Kufika dakika ya tisa, mstari ulikuwa umezunguka goli la kusini.

Hakuna aliyeambiwa kanuni. Walizisoma kwa macho. Ernesta alipofika mbele na kuulizwa analeta nini, alifikiri kidogo, akainama, akaonyesha mtu anayemfunika mtoto kwa nguo na kurudi kumfunika tena miguuni. Uwanja mzima ukainama na kufunika miguu.

Msaidizi wa mgeni rasmi akamwongoza mkubwa wake kuelekea mbele. Ernesta, ambaye sasa alikuwa anarudi nyuma, akawasimamisha.

"Foleni inaanzia kule, baba," alisema.

Mgeni rasmi akaangalia kule. Palikuwa mbali. Akaenda.

"Dakika ya thelathini na saba," Mzee Majaliwa alisema, bila kuondoa macho kwenye saa. "Waandikie hapo, Madam."

Firdausi hakuwa kwenye kiti. Alikuwa ameondoka na kalamu mkononi, akijiambia kwamba anakwenda kuhesabu washiriki, na njia rahisi ya kuhesabu ilikuwa kusogea nao. Alihesabu mpaka akajikuta mbele, uso kwa uso na Aksanti.

"Unaleta nini?"

Mama yake alifariki Tanga miaka mitatu nyuma. Simu ilimfikia Firdausi saa moja asubuhi, na alasiri ile ile walizika, kama inavyotakiwa. Yeye alifika siku ya tatu kwa basi, akakuta mikeka imekunjwa na majirani wanarudisha masufuria. Walimpa pole, akashukuru. Alikaa siku nne, akarudi kazini, na hakuna aliyemwona akilia, yeye mwenyewe akiwemo.

Akaiweka kalamu chini kwenye nyasi. Akashika pembe mbili za kanga isiyokuwepo, mbichi, imekamuliwa. Akaikung'uta mara mbili kwa nguvu, na mara ya tatu akageuza uso pembeni, macho yamefumbwa, maji yasimrukie. Akaianika.

Aksanti akakung'uta. Nyuma yake Firdausi akasikia mikono ya watu mia mbili ikipiga hewa, mara moja, mara mbili, kisha kimya kidogo, ambapo wote walikuwa wamegeuza uso. Akabaki amesimama, machozi yanamtoka, mikono imeshika kamba ambayo haipo.

"Nyuma, dada," Aksanti alimwambia kwa upole. "Wengine wanangoja."

Akaenda nyuma.

Kikundi cha Nyarugusu kiliondolewa mashindanoni kwa makosa mawili: kuzidisha muda kwa saa moja na dakika nane, na kucheza na watu mia mbili na kumi na wanne badala ya kumi na wawili walioandikishwa. Mgeni rasmi, ambaye alikuwa mmoja wa waliozidi, alikabidhi kombe kwa Heru Juu. Mzee Majaliwa aliandika uamuzi kwa mkono wake, Firdausi akasaini kama katibu. Ulikuwa uamuzi sahihi.

"Nilileta kilemba cha marehemu mke wangu, alivyokuwa anakifunga," mzee alimwambia wakati anakusanya saa zake. "Ulikuwa umekwisha kupita."

Firdausi na kikundi walirudi kwa basi dogo moja la Koasta. Kwenye njia panda ya Makere, jua likiwa bado juu ya migomba, vijana walishuka kuelekea kambini. Marguerite alishuka wa mwisho.

"Pole kwa kombe, Mwalimu," Firdausi alisema.

"Kombe tungeliweka wapi? Kibanda kimejaa sabuni." Akamshika mkono. "Ile kanga, mama yako aliianika upande gani wa nyumba?"

Firdausi akagundua kwamba hajui. Gari lilipoondoka alimpigia kaka yake Tanga. Akamuuliza hilo, kisha akauliza mengine ambayo hakuwahi kuyauliza: nani aliyemwosha Mama, nani aliyeshuka kaburini, kama siku ile mvua ilinyesha.



"Ngoja nikae," kaka yake alisema. Firdausi akasikia kiti kikivutwa sakafuni, kisha kaka yake akaanza kumsimulia tangu alfajiri.