Rili Nyepesi ya Tansy

Habari ilimkuta Verlene Stroud saluni, kichwa kikiwa chini ya bomba, mahali ambapo mtu hawezi hata kugeuka amwone anayesema. Kwamba kuna mwanamume wa hapohapo kwenye ziwa lao amekatwa kidole na mshipi wa kuvulia. Alinunua rili nyepesi, vile vidude vipya vya kukunjia mshipi vinavyofungwa juu ya ufito wa kuvulia. Samaki akajichimbia kwenye magugu, rili ikashindwa kumvuta, jamaa akauzungusha mshipi mkononi avute mwenyewe. Kidole kikaenda na maji. Ndivyo ilivyosemwa.

Verlene hakuuliza jina, lakini habari ilimganda. Akiosha vyombo, anaona kidole. Akirudisha nyuma pikapu yenye trela la boti, anaona kidole. Kanisani wimbo unaimbwa, yeye anahesabu vidole vya binti yake vilivyoshika kitabu.

Binti mwenyewe, Tansy, alikuwa mwaka wa mwisho wa sekondari, na alikuwa kwenye timu ya uvuvi ya shule. Wakati wa baridi aliteleza kwenye trela lililolowa akavunjika kifundo cha mkono wa kushoto, daktari akakiunga kwa vyuma. Sasa aliruhusiwa kuvua, ila kwa onyo: mkono ukianza kuuma tena, atapasuliwa upya. Na rili aliyokuwa nayo ilikuwa ya marehemu babu yake, nzito kama tofali. Kurusha na kuvuta nayo kutwa nzima kwa mkono ule ilikuwa ni kuutafutia kisu.

Basi Verlene akabaki katikati. Rili nzito itamharibia mtoto mkono. Rili nyepesi itamkata kidole. Na mashindano ya mwisho ya shule yalikuwa Jumamosi.

Ijumaa baada ya masomo walikwenda duka la Orrin Pate, lililo karibu na mahali pa kushushia boti. Orrin alikuwa nyuma ya kaunta akila karanga za kuchemsha, maganda yakiwa yamejaa kwenye kofia yake.

"Nataka nyepesi, mzee Orrin," Tansy akasema, "lakini ya kazi ya magugu."

"Kila mtu anataka hiyo. Nyepesi kama unyoya, ngumu kama trekta. Na mimi nataka mke mpole anayejua kupika."

"Ulikuwa naye, akakukimbia."

"Tansy!" Verlene akamkemea, huku akiuma mdomo asicheke.

Orrin akapanga rili kwenye kaunta. Verlene akajongea karibu, mkoba umebanwa kwapani, tayari kusema hapana kwa kila kitu. Lakini alivyomtazama mtoto akichagua, alisahau kusema. Tansy hakuangalia rangi wala maandishi. Aliichukua ya kwanza, ambayo ndiyo ilikuwa nyepesi kuliko zote, akaibana ubavuni kwa kidole gumba huku akizungusha mpini. Mpini ukawa mgumu, ukakwaruza.

"Hii bodi yake inapinda," akasema. "Nikiibana tu meno ya ndani yanakosana. Samaki mkubwa akiivuta itakuwaje?"

"Inapendwa sana hiyo," Orrin akasema.

"Na wanaovua kwenye maji matupu. Mimi navua chini ya magugu."

Akachukua ya pili. Nayo ilikuwa nyepesi, lakini mwili wake ulikuwa wa aluminiamu, meno ya shaba, mpini mrefu wenye vishikio vinene. Akaibana kwa nguvu mpaka kucha zikageuka nyeupe, akazungusha. Ikazunguka laini kana kwamba hakuna aliyeigusa. Akaipachika kwenye ufito, akaiweka kwenye kiganja cha kushoto, vidole vikaikumbatia yote. Akafumba macho. Verlene alijua anasikiliza nini. Alikuwa anasikiliza kifundo.

"Haivuti mkono chini, mama. Shika uone."

Verlene akashika. Ikakaa kiganjani kama yai. Kitu kizuri namna ile, alifikiri, na ndicho kitakachonikatia mtoto.

"Mwanangu, si ndiyo hizi hizi zilizomkata mtu kidole?"

"Mtu gani?"

"Watu wanasema."

Orrin akaacha kutafuna. "Atakuwa Doyle. Kidole kipo, dada Verlene. Kimeshonwa, lakini kipo. Wanawake wa saluni wamekitupa majini wenyewe."

"Kwa hiyo ni kweli aliumia!"

"Tuijaribu, mama," Tansy akasema. "Ikiteleza tunaiacha."

Pale dukani rili hainunuliwi kabla mshipi wake haujafungwa kwenye ndoano ya kuvutia trela na kujaribiwa. Orrin akajaza mshipi wa kusukwa, ule mwembamba usioweza kukatwa kwa meno. Wakatoka nje. Tansy akafunga ncha kwenye ile ndoano, nyuma ya pikapu yao, akarudi nyuma, akakaza kile kinachozuia mshipi usitoke, wenyewe wanakiita kibano, mpaka mwisho. Halafu akaegemea kwa mwili mzima.

Mshipi ukatoka. Polepole, bila sauti, ukatoka tu.

"Nilisema!" Verlene akapiga paja. "Nilisema mimi! Kifurushi cha hewa hicho. Mzee Orrin, kirudishe kabatini, tunakwenda nyumbani."

"Kibano kimekaza kweli?" Orrin akauliza, na uso umeanza kumwiva.

Tansy akakijaribu kibano kwa kidole; kilikuwa kimekaza. Aliegemea tena, safari hii akiwa ameinamisha kichwa juu ya rili kama anayenusa.

"Mama, njoo. Usitazame mshipi, tazama gurudumu lenyewe ulikokunjwa. Linazunguka?"

Verlene akavaa miwani. Mtoto akavuta. Mshipi ulikuwa unatoka, lakini gurudumu la chini yake lilikuwa limesimama kimya.

"Halizunguki."

"Rili imeshika. Ni mshipi wote unaozunguka juu yake kama bangili kubwa kwenye mkono mwembamba. Chini hakuna kitu cha kuushikilia. Mzee Orrin, hukuweka utepe wa gundi chini yake."

Orrin akavua kofia, maganda yote ya karanga yakamwagika miguuni. "Maneno yenu yamenipoteza," akasema. "Doyle naye alijijazia mwenyewe, hakuweka utepe. Alipoona unatoka akadhani rili ndiyo mbovu, akaukamata kwa mkono."

Wakarudi ndani. Mshipi ukatolewa wote, kipande cha utepe wa gundi kikazungushwa kwenye gurudumu, mshipi ukajazwa upya. Tansy akaegemea. Ufito ukapinda, mshipi ukalia kama waya wa uzio kwenye upepo, pikapu ikalalamika kwenye springi zake. Mshipi haukutoka hata kiasi cha ukucha.

"Lipia kabla sijakuvunjia gari, mama," Tansy akasema.

Jumamosi Verlene alikuwa usukani. Kwenye mashindano ya shule mtu mzima ndiye anayeendesha boti, lakini sheria haimruhusu kugusa ufito, mshipi wala samaki. Kazi yake ni injini na mdomo. Mwenzake Tansy botini alikuwa Jessamy, msichana mwenye miguu mirefu na pupa nyingi.

Kutwa nzima Tansy alidondosha chubwi zito lenye ndoano kwenye zulia la magugu, likatoboa, likazama, akalinyanyua, akadondosha pengine. Verlene alitazama kile kifundo. Hakikutetemeka. Rili ililala kiganjani kama sehemu ya mkono, na mtoto akavua kwa namna ambayo ilimfanya mama asahau kula mkate wake.

Jua lilipoanza kuinama, zulia likapasuka. Besi, samaki wa mdomo mpana, mkubwa, akakamata na kupiga mbizi mara moja. Ufito ukapinda mpaka majini, kisha kila kitu kikasimama. Samaki alikuwa amejisokota kwenye mashina.

"Amekwama!" Jessamy akaruka mbele. "Ngoja niuvute mshipi!"

Verlene akasimama wima. Mkono wake ulikuwa umeshanyooka, akaurudisha, akaketi tena na kuukalia.

"Usiuguse!" Tansy akasema, bila kupaza sauti. Kidole gumba chake kilikuwa kimelala juu ya gurudumu. "Rili imemshika, haendi popote. Chukua wavu. Mama, nipeleke kwake."

Hilo aliruhusiwa. Verlene akakanyaga pedali ya injini ndogo ya umeme, boti ikaingia magugu taratibu, na kila hatua Tansy akakunja mshipi uliolegea. Walipofika juu yake ufito ukasimama wima, bonge la majani likainuka, na katikati yake mdomo mpana ukafunguka. Jessamy akaupitisha wavu chini.

Hawakuchukua kombe. Wasichana wa ng'ambo ya ziwa walikuwa na samaki wazito zaidi. Lakini jioni, mezani, Tansy alichukua chupa ya achari ya matango iliyowashinda wote, akaifungua kwa mkono wa kushoto, akaendelea kula. Verlene alihesabu vidole mara ya mwisho, kisha akaomba apewe achari.

Wewe mwenye mtoto anayevua kwenye magugu, jiepushe na haya:

Rili nzito kwa mkono uliowahi kuumia.
Rili nyepesi ambayo ukiibana ubavuni mpini unakuwa mgumu.
Mpini mfupi na vishikio vyembamba.
Mshipi wa kusukwa juu ya gurudumu tupu, bila utepe.
Kutoka dukani kabla ya kuifunga kwenye trela na kuivuta.
Kumvuta kwa nguvu samaki aliyekwama badala ya kumfuata na boti.
Kuuzungusha mshipi mkononi, hata mara moja, hata kwa samaki wa namna gani.
Habari za saluni zisizo na jina la mtu.