Boti Iliyofuata Bunduki

Kila fundi aliyeshika boti ile ya doria kwenye bandari ya Kalundu aliapa kwamba sehemu yake iko sawa. Na kweli ilikuwa sawa. Injini zilinguruma vizuri, rada iliona mitumbwi ya mbali, na bunduki kubwa ya mbele ilizunguka bila kukwama. Ni Noella peke yake ambaye hakuapa. Yeye alikuwa fundi umeme, na kazi yake ilikuwa kuviunganisha vyombo hivyo vyote vielewane.

Asubuhi ya majaribio walielekea kusini, bunduki ikiwa haina risasi. Cyprien, nahodha, aliwasha usukani wa kujiendesha, akakunja mikono. Toussaint, fundi wa silaha, akageuza bunduki kushoto. Boti nayo ikageuka kushoto.

"Cyprien, tunaenda wapi?" akafoka Abdoul-Karim, mkuu wa kazi. "Kule ni Burundi!"

"Miye sijagusa kitu, chef. Iko inageuka yenyewe."

Toussaint akarudisha bunduki katikati, boti ikanyooka. Wakajaribu tena, ikaifuata tena kama ndama na mama yake.

"Ni umeme wako," Toussaint akamwambia Noella. "Weye ndiye uliunganisha."

Noella hakukasirika. Swali lilikuwa limeshamnasa. "Zima mota ya bunduki," alisema, "uisukume kwa mikono."

Toussaint akasukuma. Boti ikageuka vilevile.

"Basi si umeme!" Noella alisema kwa furaha, hata Toussaint akamtazama kama mtu aliyepungukiwa akili. "Dira iko wapi?"

Cyprien akaonyesha kioo kilichokuwa mbele yake.

"Hiyo ni namba tu. Dira yenyewe?"

Hakuna aliyejua; aliyeifunga alishamaliza kazi yake akaenda zake. Noella akaufuata waya kwa vidole, akatambaa chini ya sitaha mpaka mbele kabisa. Huko akakuta kisanduku kidogo, chini ya mguu wa bunduki. Akakisogezea spana.

"Cyprien, namba inasema nini?"

"Mia na themanini... hapana, mia na sabini! Chef, tumerogwa?"

"Ni chuma," Noella aliita kutoka chini. "Boti ni ya alumini, haivuti dira. Bunduki inaivuta. Dira ikidanganywa, usukani nao unadanganyika."

Toussaint akachungulia chini ya sitaha. "Mchoro wangu haukuonyesha kitu hapo," alisema.

"Na wa mwenzako aliyefunga dira haukuonyesha bunduki. Alitafuta mahali pakavu tu."

Walihamishia kisanduku nyuma, mbali na chuma, na safari iliyofuata boti ilinyooka, bunduki ikigeuzwa huku na huku. Abdoul-Karim alitaka kuikabidhi siku ileile. Noella akaomba wiki moja, achore vyombo vyote kwenye karatasi moja.

"Wiki nzima ya kuchora? Boti si imepona?"

"Tumepata hili kwa sababu lilitugeuza, chef. Yasiyotugeuza je?"

Akapewa siku tatu.

Siku ya pili Toussaint aliingia karakana na mchoro wake umekunjwa kwapani. Akautandaza juu ya ule mkubwa wa Noella, akaupima kwa kidole.

"Mutu akigeuza bunduki mpaka huku nyuma," akauliza, "haitapiga antena ya redio?"

Noella akainama. Hilo hakuwa ameliwaza kabisa. Akachukua futi ya kupimia, na wote wawili wakashuka kwenda botini.