Kikapu Kitupu cha Manase

Tangu asubuhi Manase hakutulia. Aliandika mstari mmoja kwenye kompyuta, akasimama, akazunguka sebule yake ya Nyamugari, mjini Gitega, hadi saruji ikaanza kulika, akarudi kitini. Zamani alikuwa karani wa posta. Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, alijifunza mwenyewe baada ya kustaafu, kwa siku mbili, ukipenda kumwamini.

Simu ikalia tena. Dada yake Paskazia, mkulima wa Muyinga.

"Kaka, lori la mnunuzi limeshawashwa! Hati ya umiliki wa kahawa isipohamia kwake, magunia yangu yanabaki nje, na mvua hiyo naiona!"

Nyuma yake dereva Trésor akafoka: "Mama, dakika kumi tu, après, zikiisha, mi naenda!"

Hati ilikaa kwenye mkataba mahiri, programu ya mtandaoni isiyosikiliza bembelezo la mtu. Kuihamisha kulitaka vitu vinne: mtoaji, mpokeaji, namba ya hati, na mwisho baiti, yaani vipande vya data, za maelezo ya ziada. Maelezo hayakuwepo. Manase akaruka nafasi hiyo, Python ikakataa. Akaweka None, neno la Python la "hakuna kitu", ikakataa. Basi, kwa kuwa kwao hakuna anayerudisha kikapu cha jirani kitupu, akaijaza nafasi ile salamu: Amahoro kwenu nyote. Python ikaridhika, lakini mkataba wa mnunuzi, uliopaswa kuipokea hati, ukamrudisha mlangoni. Huo kila baiti uliyopewa uliisoma kama amri, na amri ya namna hiyo haukuijua.

"Umewapelekea nini?" Paskazia aliuliza.

"Salamu."

"Salamu! Mzee wewe, nani kakutuma?"

"Niende kwa watu mikono mitupu?"

"Mama alipotutuma kuomba chumvi, tulikwenda na nini? Kikapu kitupu! Lakini tulikibeba, Manase. Hatukukiacha nyumbani!"

Manase akarudi kitini. Akafuta salamu. Akaandika b'': herufi b na vinukuu viwili vilivyobanana, ndani hamna hata pumzi. Baiti sifuri, lakini zimebebwa. Akabonyeza, akasimama, akaketi, akasimama.

"Imeingia kwa mnunuzi!" Paskazia alipiga kelele. "Trésor, fungua nyuma!"

Magunia yakasikika yakitua ndani ya lori, moja baada ya jingine.

"Na usiende kuwaambia watu kwamba umelisukuma lori," Paskazia alionya.

"Mimi? Sisemi," alijibu Manase, akitafuta kiatu cha pili ili atoke kwenda kwa majirani.