Taa ya Mke Mwenza

Mume wangu ni fundi cherehani, na kwa muda mrefu nimeishi nikijua kwamba ana mke mwingine. Huyo mke ni tangi la kioo, dogo tu, linalokaa juu ya rafu mbele ya cherehani yake katika chumba cha mbele. Ndani mna mchanga, kipande cha mzizi, majani ya kijani na visamaki vyembamba vyenye mstari wa buluu ubavuni. Akichoka kushona huinua uso akalitazama. Nikirudi kutoka shuleni, ambako ni mpishi, nakuta chai niliyomwachia imepoa haijaguswa. Ndipo nikalipa tangi lile jina la mke mwenza.

"Wivu utakuua," huniambia.

Na kweli nilikuwa na wivu, sitaki kujikosha. Mwaka jana nilichoka kupaka nywele rangi nyeusi, nikaziacha zitoke zilivyo. Nikasubiri aseme neno, hata la kunichokoza. Kimya. Mke mwenza akibadilishiwa maji, nyumba nzima itajua. Mimi kichwa kizima kimegeuka rangi, hakuna habari. Nikajisemea basi, ameshanichoka, haniangalii tena. Liliniuma sana lile, na nililimeza.

Halafu yakaanza mambo ya taa.

"Taa ya tangi haitoshi," alisema siku moja. "Samaki siwaoni. Utadhani wako ndani ya chai."

Tangi lilikuja na kitaa chake kidogo, na mimi sikuona ubaya wake. Lakini mimi ni mtu wa kutenda, si wa kuuliza. Nikamnunulia taa ya mezani, ile ya shingo ndefu. Akaisogeza huku na huku, akasema bado. Nikaenda dukani tena nikarudi na taa kubwa ambayo watu huifunga ukutani nje kuwatishia wezi. Nilipoiwasha, samaki wote walikimbilia chini ya mzizi, na mume wangu akajikinga uso kwa kiganja.

"Sasa ndiyo sioni kabisa. Inanipiga machoni."

"Ndogo huoni, kubwa huoni! Nikuletee jua lenyewe?"

Akacheka, akanipa sindano nimtungie uzi. Siku hizo alipenda sana kunipa sindano. "Vidole vyako vina baraka," alikuwa akisema, na mimi, mama mzima, nikawa najisikia raha kama binti aliyeposwa jana.

Taa kubwa ikabaki, maana nilikuwa nimeshaitafutia msumari. Tuliiwasha asubuhi, tukaizima wakati wa kulala. Haukupita muda kioo kikaanza kuvaa ukungu wa kijani, kisha majani yakaota vinyweleo kama mtu asiyenyoa. Nilifuta, yakarudi. Mwishowe nikamwita mwenye duka la samaki, dada mmoja mchangamfu aliyetuuzia tangi lenyewe.

Alikuja alasiri. "Shikamoo mama. Shikamoo mzee wangu." Mume wangu akaitikia bila kuacha cherehani, alikuwa anapiga pindo la suruali. Yule dada akatazama taa yangu ukutani, akashika kiuno.

"Mama, hapa mnafuga samaki au mnalinda benki?"

"Mwulize mwenyewe, ndiye anayelia giza."

Akakwaruza kioo kwa ndani kwa ukucha, ukatoka utando wa kijani. Akanieleza taratibu. Majani kama yetu hayana pupa, hukua polepole katika mwanga wa kadiri. Ukiyamwagia mwanga mwingi kutwa nzima hayawezi kuutumia wote, na unaobaki unaliwa na kile kijani. Taa ndogo nyeupe inatosha, iinuliwe kidogo juu ya maji, iwake kuanzia mchana hadi jioni, basi. Nikaona aibu kidogo kwa ajili ya msumari wangu.

"Kwa hiyo shida si taa ndogo," akamalizia, akipaza sauti ili mume wangu asikie juu ya kelele za cherehani. "Shida hapa ni mwani!"

Cherehani ikasimama ghafla.

"Nani amekwambia nahitaji miwani?"

Aligeuka na uso mkali ambao sijawahi kumwona akimwonyesha mgeni.

"Mwani, mzee wangu. Sijasema miwani. Huu ukijani kwenye kioo."

"Kioo gani? Ukijani upi?"

Kioo kizima kilikuwa kijani, yeye akiwa amekaa mbele yake siku nenda siku rudi. Yule dada alinitazama, akatazama chini, akasema ataleta taa kesho, akaaga.

Nilivuta stuli nikakaa karibu na cherehani. Lile pindo lilikuwa limenyooka, lakini suruali ilikuwa nyeusi na uzi ulikuwa wa buluu.

"Unanificha nini?" nikamuuliza.

Akakunja suruali, akaikunjua. "Kuna mtoto."

"Mtoto! Wa nani?"

"Wa jicho."

Sikujua nimpige au nimkumbatie. "Jicho lipi?"

"Mapacha," akasema.

Tulicheka mpaka mimi nikaanza kulia, naye akaacha kucheka. Hapo ndipo aliposema yote. Alikwenda hospitali ya macho peke yake, akaambiwa mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji, na akichelewa ataendelea kupoteza nuru. Akasema atafikiria, na tangu hapo alikuwa anafikiria. Alishona kwa kupapasa. Aliogopa wateja wakijua watahama, na zaidi ya hapo aliogopa kisu.

"Wakikosea, sitashona tena," alisema. "Mimi bila sindano ni nani?"

"Na wasipokugusa, utashona mpaka lini?"

Akalipapasa lile pindo. Kisha akasema tangi likitakata atakwenda, ili akifunguliwa jicho akute kitu cha kutazama. Nilijua anavuta muda. Nikakubali hivyo hivyo.

Nikang'oa msumari. Taa ndogo ikaja, nikaiinua juu ya vijiti viwili, nikawa naiwasha nikirudi kutoka kazini na kuizima jioni. Nilisugua kioo, nikakata majani yaliyooza, nikabadilisha maji kwa kikombe ili nisivuruge mchanga. Mke mwenza alinifanya mtumishi wake. Mwani ukapungua polepole, na siku moja nikaona jani jipya, jepesi, limekunjika bado.

"Tangi limetakata," nikamwambia.

"Usinidanganye."

"Mimi si wewe."

Akavua futi ya kupimia shingoni, akaiweka mezani. "Basi twende," akasema, akanishika mkono.

Madaktari walianza na jicho moja. Siku ya kutolewa bandeji nilimrudisha nyumbani asubuhi, akaenda moja kwa moja kwenye kiti chake mbele ya tangi. Saa ya taa ilikuwa bado. Nilisimama nyuma yake nikimsubiri aseme kuhusu samaki, kuhusu jani, kuhusu kazi yangu yote ile. Aliinama mpaka pua ikakaribia kioo, nikaogopa.

"Huoni?"

"Naona." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Una mvi."

Alikuwa hatazami samaki. Alikuwa ananitazama mimi, nilivyotokea kwenye kioo.

"Ninazo tangu mwaka jana," nikasema.

"Mwaka jana," akarudia. "Na hukuniambia."

Nikanyoosha mkono kuwasha taa, angalau nipate cha kufanya.

"Iache, saa yake bado," akasema, akainuka akanishika bega. "Njoo dirishani nikuone vizuri."