Prosesa ya Pili

Tangu asubuhi mtangazaji alikuwa hatulii. Aliingia chumba cha mitambo, akatoka, akarudi na chai ambayo hakuna aliyeiagiza.

"Shemeji, kaa chini basi," fundi alimwambia bila kuinua kichwa. "Unanizungukia kama nzi."

Fundi alikuwa dada mdogo wa mkewe. Kituo hicho kidogo cha redio kilikuwa kimemwita aiongezee nguvu seva yao kuukuu, kompyuta kubwa ya kurushia vipindi, iliyotengenezwa kubeba prosesa mbili, yaani bongo mbili, lakini miaka yote ikajikongoja na moja. Sasa ilikuwa imelemewa: nyimbo zinakwama katikati, matangazo yanajirudia. Mkurugenzi alitaka iwe na nguvu ya kuendesha vipindi vya mchana yenyewe.

Vipindi vya mchana vilikuwa vya mtangazaji.

Redio ilibaki hewani kwa kompyuta ya akiba, nayo hoi. Fundi alichomoa kipande kilichoziba nafasi tupu, akapachika prosesa ya pili, akaongeza vibao vya kumbukumbu viwili viwili. Akawasha. Feni zilivuma kana kwamba seva inataka kupaa, kisha pii, pii, pii. Skrini ikabaki giza.

"Imekufa?" mtangazaji aliuliza haraka mno.

"Haijafa, inalalamika. Prosesa hii ina kadi yake ndogo ya kuipimia umeme. Asubuhi nimeiona kwenye boksi."

Alikung'uta boksi, akapekua sponji, akatambaa chini ya meza. Hola.

"Labda wameisahau dukani," mtangazaji alisema.

"Nimeiona kwa macho yangu, shemeji."

Ghafla wimbo uliokuwa ukisikika ukumbini ulikatika. Kompyuta ya akiba ilikuwa imezimika. Dakika hiyohiyo simu ya mapokezi ikalia, na dada wa mapokezi akachungulia mlangoni.

"Kuna mama anauliza kama tumefunga redio. Anasema huwa anaosha vyombo akimsikiliza kaka huyu. Anauliza, kaka anaumwa, au?"

Mtangazaji alitazama sakafu. Dada alipoondoka, alitia mkono mfukoni, akatoa kadi.

Fundi hakuipokea mara moja. "Ningeondoka hapa na jina baya. Ulilifikiria hilo?"

"Niliwafikiria watoto."

"Na mimi si mama yao mdogo?"

Mtangazaji alimsogezea kadi. Fundi aliichukua kadi, akaipuliza, akaichomeka kando ya prosesa. Alipowasha, skrini ilijaa maandishi: prosesa mbili, kumbukumbu zote zimeonekana. Alishusha pumzi, lakini hakutabasamu.

"Sasa mchana mimi nitafanya nini?"

"Sijui. Muulize mwenye mlango ule pale, badala ya kunihangaisha mimi."

Mtangazaji alichomekea shati, akabisha mlango wa mkurugenzi, akaingia. Fundi alikuwa akifunga mfuniko huku skrubu zikimponyoka, sikio liko kwa mkurugenzi. Mtangazaji alitoka mapema kuliko fundi alivyotarajia.

"Mchana ni wa mashine. Mimi nimepewa jioni, kwa majaribio."

"Majaribio ya muda gani?"

"Hakusema. Na mimi niliogopa kuuliza."

Fundi alimtazama, hasira zikapungua kidogo, si zote. "Nyimbo bado zinahamia kwenye seva. Nahitaji mtu hewani sasa hivi."

Mtangazaji aliingia studio, akakaa, akavuta maikrofoni mpaka mdomoni.

"Samahani, wasikilizaji," alisema, na sauti haikutetemeka hata kidogo. "Mama uliyepiga simu, siumwi. Endelea na vyombo vyako, niko nawe."

Chini ya meza, mguu wake ulikuwa ukicheza.